Somo: Bastola ya mashindano ya kutengenezewa, na magazini zake

Ndugu, dada na kaka, wengi wetu tulioko Marekani tumeanza kwenda mechi za USPSA (chama cha Marekani cha mashindano ya kupiga bastola kwa kasi na shabaha) mwisho wa wiki, na kila anayerudi kutoka mechi yake ya kwanza huuliza jambo moja: ninunue bastola gani? Naona wanaoanza wanatumia miezi kuchagua rangi ya slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) na chapa ya fundi, halafu wanachukua magazini (kile kibweta kinachobeba risasi) mbili za bei ya chini kabisa ili wamalize haraka. Mimi nasema magazini ni nusu ya bastola. Mechi nyingi zinazoharibika kwa bastola kukwama zinaharibikia kwenye magazini, na ndiyo maana somo hili litakaa huko kuliko pengine.

Hatua ya 1: Sheria kabla ya pesa

Mwenye kadi ya kijani kwa kawaida ananunua kama raia: duka lenye leseni ya shirikisho, ndani ya jimbo lake, umri usiopungua miaka 21, anajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununua silaha, na kukaguliwa. Aliye kwa viza ya muda, hata ya masomo, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha au risasi isipokuwa kwa masharti machache. Usijibiwe hili na rafiki, nenda kwa mwanasheria. Na msikubali kabisa kumnunulia ndugu silaha kwa jina lenu huku pesa ni yake na mwenyewe ni yeye. Hilo ni kosa la jinai la shirikisho, na watu wa kwetu huingia humo kwa sababu ya undugu tu.

Magazini nazo zina sheria zake. California, New York na New Jersey zina kikomo cha risasi 10 kwa magazini, Colorado 15. Uliyeko majimbo hayo, usiagize magazini ndefu kwa sababu umeiona kwenye video ya mtu wa Texas.

Hatua ya 2: Chagua daraja, siyo bastola

Mashindano haya yamegawanywa kwa madaraja, na daraja ndilo linalosema bastola yako iwe na nini na magazini iwe na urefu gani. Kwa ufupi:

Production ni bastola za kiwandani zenye vilengeo vya chuma, na hauruhusiwi kuanza na zaidi ya risasi 15 ndani ya magazini. Carry Optics ni ndugu yake mwenye darubini ya nukta nyekundu juu ya slaidi, magazini isizidi milimita 141.25. Limited Optics lilianzishwa 2023, na ndilo lililofungua mlango kwa bastola za aina ya 2011 (jina la muundo, siyo mwaka, nitaueleza Hatua ya 3) zenye nukta nyekundu. Limited ni vilengeo vya chuma, na hapo unaweza kupiga kwa nguvu ya juu (hesabu yake inakuja hapa chini) ikiwa kipenyo cha risasi ni inchi .40 au zaidi. Single Stack ni ya wapenzi wa bastola ya 1911, muundo wa John Browning, risasi 8 kwa nguvu ya juu au 10 kwa nguvu ya chini. Open ndiyo ya wote walioamua kutobakiza kitu: darubini, kipunguza mruko mdomoni mwa mtutu, magazini hadi milimita 171.25.

Hiyo "nguvu" ni hesabu. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Nguvu ya chini ni 125, ya juu ni 165. Risasi ya 9mm yenye greni 124 ikienda futi 1,050 inakupa 130.2, imepita. Ukipiga nguvu ya juu, tundu lililotua eneo la C la shabaha (A ni katikati, C na D ni pembeni) linakupa pointi 4 badala ya 3, na la D pointi 2 badala ya 1. Eneo la A ni 5 kwa wote. Pointi hizo zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, ndiyo alama yako.

Ushauri wangu kwa anayeanza: 9mm, na Carry Optics au Limited Optics. Risasi zake ni nafuu na macho yanazoea nukta haraka. Nguvu ya juu itakungoja.

Hatua ya 3: Piga kwanza ya mtu

Nenda kwenye klabu ya karibu, jitambulishe, sema unataka kujaribu. Wapigaji wa mchezo huu ni wakarimu kuliko unavyodhani, na wengi watakupa bastola yao uipige uwanjani mwamuzi akiwa pembeni. Jaribu walau familia mbili: ya CZ 75, ambayo leo maarufu wake ni Shadow 2 iliyotoka 2016, na ya 2011, yaani 1911 iliyopanuliwa tumbo ikale magazini ya safu mbili. Ya kwanza inakaa chini mkononi na ni nzito, inatulia. Ya pili ina triga inayosukumwa nyuma moja kwa moja badala ya kuzunguka kwenye pini, na mtu akishaizoea huwa vigumu kumrudisha.

Hatua ya 4: Kiwandani, nusu fundi, au fundi kamili

Shadow 2 au Springfield Prodigy inatoka kwenye boksi na unaweza kushindana nayo wiki hiyo hiyo. Staccato ya Texas, iliyoitwa STI hadi 2020, iko katikati. Halafu kuna mafundi kama Atlas Gunworks na Infinity, ambao bastola yao moja inaweza kugharimu kuliko gari dogo lililotumika.

Unacholipia kwa fundi ni mkono. Slaidi inasuguliwa ikae kwenye reli za fremu bila kuyumba na bila kubana. Mtutu unafungwa ukae sehemu ile ile kila mara slaidi inaporudi. Triga inasafishwa hadi inakatika kama kijiti cha kioo. Lakini hapa nisikilizeni vizuri: usiombe triga nyepesi kuliko unavyoweza kuitawala. Mafundi wengi hutoa karibu kilo moja au pungufu. Mpigaji mgeni, moyo unamdunda, anahama kutoka sehemu moja ya kupigia kwenda nyingine, triga ya namna hiyo itamtoka kabla hajataka. Risasi isiyokusudiwa ni kufukuzwa mechi papo hapo, na hiyo ndiyo adhabu nyepesi kati ya zote zinazoweza kutokea. Anza na kilo moja na nusu. Fundi ataipunguza baadaye.

Unapoagiza, andika kila kitu: daraja unalolenga, mkono unaotumia, urefu wa triga, sefti ya pande mbili kama wewe ni wa kushoto, aina ya darubini na bamba lake. Na uliza swali ambalo wengi hawaulizi: bastola hii mliirekebisha na kuijaribu kwa magazini gani? Fundi mzuri atakujibu bila kusita, atataja chapa na urefu. Akisema "yoyote itafanya kazi", tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 5: Magazini

Tuingie ndani sasa. Unapopiga, slaidi inakwenda nyuma, inatupa ganda, inarudi mbele. Katika muda huo mfupi sana springi ya magazini lazima iwe imeinua rundo lote la risasi na kuipandisha inayofuata hadi kwenye midomo, ile mikunjo miwili ya chuma juu ya magazini. Slaidi inaikuta pale, inaichomoa, inaiingiza chemba, yaani nyuma ya mtutu inapolipukia. Springi ikichoka, au mchanga ukikwamisha risasi kwenye kuta, slaidi inapita juu ya risasi na unabonyeza triga kwenye chemba tupu. Midomo ikipanuka, risasi inaruka juu mapema na kusimama pua angani. Ikibanwa mno, risasi inachelewa kutoka na slaidi inakwama katikati.

Magazini huharibikia wapi? Chini. Kila ukibadilisha magazini ile tupu inaanguka kwenye kokoto, na mara nyingi inaangukia midomo. Kwa hiyo nunua kipimo cha kalipa, pima upana wa midomo siku magazini ikiwa mpya na inafanya kazi, mbele na nyuma, andika. Ikianza kukusumbua, pima tena. Namba zile zitakuambia ukweli kuliko macho. Kurekebisha midomo kwa koleo acha kwa fundi hadi ufundishwe, maana chuma kilichokunjwa mara nyingi kinapasuka.

Ngapi? Stegi, yaani zoezi moja la mechi, hata ikiwa ndefu, USPSA haizidi risasi 32. Magazini ya 2011 ya 9mm yenye urefu wa milimita 140 hubeba kati ya 20 na 23 kutegemea kitako (kifuniko cha chini cha magazini) na springi, kwa hiyo mbili zinamaliza stegi na ya tatu ni ya kukosa na kukwama. Mimi nasema tano: tatu za mechi tu, mbili za mazoezi, na zile za mazoezi ndizo ziangushwe chini mchana kutwa. Kwa Production ongeza moja au mbili, kwani kwa risasi 15 utabadilisha mara nyingi zaidi. Magazini nzuri ya 2011 si ya bei ya chini. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na vifuko vya mkandani. Afadhali bastola ya hatua moja chini na magazini tano nzuri.

Zipe namba kwa rangi kwenye kitako. Magazini isiyo na namba ikikwama leo hutaijua kesho.

Na angalia familia. Bastola nyingi za 2011 hula magazini za mtindo mmoja, lakini kuna zilizoundwa kula za mtindo wa Glock, mfano Platypus ya Stealth Arms. Hizo magazini ni rahisi kupatikana na bei yake ni ya chini. Kama pesa inabana, ni njia ya kweli, siyo ya aibu.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya mechi

Jaza kila magazini hadi juu, ichomeke slaidi ikiwa imefungwa. Kama lazima uipige ngumi ndipo ishike, punguza risasi moja. Piga zote kwa risasi utakazotumia mechini, maana bastola iliyobanwa vizuri inachagua chakula. Baada ya risasi ya mwisho slaidi ibaki nyuma, kama fundi hakuiondoa makusudi. Kisha fungua kitako, pitisha brashi ndani, futa kukauka. Usipake mafuta ndani ya magazini, yanashika vumbi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kaka, asante kwa somo. Mimi mikono yangu midogo, nilishika Shadow 2 na kidole hakifiki vizuri triga ya kwanza. Niache mchezo? (Minneapolis)*

Dada yangu, usiache kabisa. Shadow 2 inaanza kwa mvuto mrefu, nyundo ikiwa chini, na hapo ndipo kidole chako kinaposhindwa. Kwenye 2011 mvuto ni mfupi kila risasi, na triga zake zinauzwa kwa urefu tofauti, fupi, ya kati na ndefu. Kuna pia mishikio iliyopunguzwa unene. Limited Optics ndilo daraja lako. Nenda uwanjani mshike kwanza ya mtu.

*Mkuu, nikiacha magazini zimejaa wiki nzima springi haifi?*

Springi nzuri huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa. Hata hivyo nyumbani kwenye watoto sioni sababu ya magazini za mchezo kukaa zimejaa. Zitoe risasi, bastola ndani ya kabati la chuma, risasi kufuli jingine. Springi badilisha unapoona slaidi inaanza kuruka risasi.

*Shikamoo mwalimu. Niko Dallas, nina kadi ya kijani, nafikiria kurudi Nairobi moja kwa moja. Naweza kubeba bastola yangu na magazini kwenye mizigo?*

Marahaba. Usiweke chochote sandukuni kwa kudhani. Kuna sheria mbili: ya Marekani ya kutoa silaha nje, ambayo inahusu bastola na magazini pia, na iko chini ya Wizara ya Biashara, na ya Kenya, ambako lazima Bodi ya Leseni za Silaha ikubali kwanza, kabla silaha haijafika. Waandikie bodi ukiwa bado Dallas, pata karatasi, ndipo uongee na wakala wa kusafirisha mwenye leseni. Kama karatasi hazikamiliki, uza bastola kihalali Dallas na uanze upya nyumbani na klabu ya huko.

*Nimepewa .40 ya Limited iliyotumika kwa bei nzuri sana. Nichukue?*

Uliza kwanza inakuja na magazini ngapi na za hali gani. Kisha piga hesabu ya risasi za mwaka mzima, .40 inakula pesa zaidi. Kama unatengeneza risasi zako mwenyewe kwa kujaza upya maganda, ni mali. Kama hutengenezi, ngoja 9mm.

*Magazini yangu namba 4 inakwama risasi ya mwisho tu, nyingine zote zinakwenda. Bastola mbovu?*

Bastola nzima, magazini ndiyo mgonjwa. Risasi ya mwisho ndiyo springi inapokuwa imelegea kuliko wakati wote, kwa hiyo anza na springi: itoe, iweke sambamba na ya namba 1. Ikiwa fupi, badilisha. Ikiwa sawa, angalia kile kibao cha plastiki kilicho juu ya springi, kama kona imelika kinainama pua chini na risasi inaelekea vibaya. Cha tatu, pima midomo. Fanya kimoja kimoja, piga tena, ndipo uhamie kinachofuata. Ukibadilisha vyote pamoja itapona na hutajua ilikuwa na nini. Mpaka hapo, namba 4 iwe ya mazoezi.