Maji ya kisima usiyatie kwenye rejeta

Ukitaka kujua gari la Mombasa limetunzwaje, usianze na rangi wala viti. Nenda asubuhi, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha, fungua kifuniko cha rejeta na utie kidole. Kikitoka na kutu nyekundu au tope la hudhurungi, gari hilo limekuwa likinyweshwa maji ya kisima. Kikitoka na utando wa rangi ya maziwa unaoteleza kama oili, funga kifuniko, mwambie mwenye gari ahsante, uondoke zako. Hapo oili na maji vimeshakutana, na aghalabu ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na mwili wake (bloku).

Mimi si fundi. Nafundisha kemia shule ya upili upande wa Kisauni, na naendesha Toyota Fielder ya sisi (cc) 1500, ile yenye injini iitwayo 1NZ. Kazi nyingine za gari nampa fundi wangu, mtu mwaminifu na mbishi. Ila mfumo wa maji nausafisha mwenyewe, kwa sababu hii ni kemia tupu, na vifaa vyake ni beseni, plasi, taulo bovu na subira.

Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya bomba yanatoka mbali: Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba. Yakikatika, na hukatika, kila ploti inarudi kwenye kisima chake. Maji ya kisima yana chokaa ya matumbawe, na visima vingi vimeingiwa na chumvi ya bahari chini kwa chini. Chokaa hugandamana ndani ya vijia vyembamba vya rejeta mpaka vikazibika. Chumvi ina ubaya wa namna nyingine: kloridi yake hutoboa ule utando mwembamba wa oksidi unaoilinda alumini isiliwe. Sasa kumbuka kwamba kwenye 1NZ bloku ni alumini, hedi ni alumini, na rejeta ni alumini. Maji ya kisima cha ploti yetu niliwahi kuyapeleka maabara nikayatia nitrati ya fedha. Yakageuka meupe kama tui papo hapo, nayo ndiyo dalili ya kloridi. Huna maabara? Nawa kwa sabuni. Ikikataa kutoa povu, hayo maji hata nguo yanazitesa, sembuse injini.

Kinachotakiwa kwenye rejeta ni kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Gereji nyingi utaambiwa, "Mwalimu, kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu, hapa Mombasa tia maji tu." Barafu kweli hatuna. Lakini kulanti ina kazi nyingine mbili: imetiwa dawa za kuzuia kutu, na glikoli iliyomo huchelewesha kuchemka. Sisi wa joto ndio tunaoihitaji zaidi.

Unaponunua, soma maandishi, si rangi. Rangi ni wino tu. Kila kampuni hupaka itakavyo, na kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa na dawa zisizopatana kabisa. Tazama pia kama ni ya kumimina moja kwa moja au ni nzito ya kuchanganya na maji, nusu kwa nusu. Ile ya waridi ya Toyota, Super Long Life, huja imeshachanganywa, na kiwandani huhesabiwa kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Gari la mtumba lililofika bandarini halina wa kukuambia limetiwa nini njiani, kwa hiyo mimi huhesabu kuanzia siku niliyoitia kwa mkono wangu.

Kuna kulanti feki, yaani maji ya rangi kwenye chupa nzuri. Kuijua ni rahisi: tia matone machache kwenye kisahani, weka juani siku nzima mahali ambapo mtoto na paka hawafiki. Maji hukauka yakaacha doa. Kulanti ya kweli hubaki na majimaji yanayonata, kwa sababu glikoli huchemka kwenye nyuzi 197 na jua letu, kali lilivyo, haliiwezi.

Haya, kazi yenyewe. Egesha mahali tambarare, injini baridi kabisa. Narudia, baridi kabisa. Mfumo ukiwa moto una shinikizo, na ukifungua kifuniko utarukiwa na mvuke usoni. Weka beseni chini ya rejeta, ufungue koki ndogo ya plastiki iliyo chini yake. Izungushe kwa vidole, taratibu, maana plastiki ya zamani hukatika. Ikigoma usishindane nayo: legeza klipu ya mpira wa chini kwa plasi, uuvute mpira. Kisha ndipo ufungue kifuniko cha juu, maji yashuke kwa nguvu. Chupa ya akiba nayo imwage na uisugue. Tope lote hupenda kujificha mle.

Watu wengi huishia hapo, wakafunga koki na kutia kulanti mpya. Hesabu haiwakubalii. Ukifungua koki ya rejeta, sehemu kubwa ya maji hubaki ndani ya bloku na kwenye hita. Tuseme inabaki nusu. Basi chumvi iliyobaki ni nusu. Jaza maji safi, washa, zima, mwaga tena: inabaki robo. Tena: thumni. Kwa hiyo rudia mpaka yanayotoka yawe safi na maangavu, usihesabu mara ngapi. Mizunguko ya mwanzo waweza kutumia maji ya bomba ikiwa bomba limekubali kutoa. Ya mwisho lazima yawe yale yaliyotolewa madini, yanayouzwa vituo vya mafuta na watu huyaita maji ya betri. Hakikisha tu ni maji, si asidi ya betri; madumu hukaa rafu moja. Maji yanayodondoka kutoka kwenye eisi (kiyoyozi) ya nyumba yanavutia, hayana chokaa, lakini yamepita kwenye vumbi na shaba. Mimi huoshea nayo vioo.

Katika kila mzunguko, hita iwe kwenye joto la mwisho. Najua hakuna mtu Mombasa aliyewahi kuwasha hita. Ndiyo maana mle ndani uchafu umelala: gari nyingine zina vali inayofunga maji yasipite kwenye hita mpaka uiombe. Acha injini iende hadi mpira wa juu wa rejeta uwe moto mkononi. Hapo ujue themostati, ile vali inayofunguka kwa joto, imefunguka na maji yanazunguka kote. Zima, subiri ipoe, na hapa subira ndiyo kazi yenyewe. Mimi hufanya Jumapili, huku nikisahihisha madaftari.

Kwa kuwa ndani ya bloku yamebaki maji matupu, ukitia kulanti iliyokwisha kuchanganywa itazidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo mzunguko wa mwisho natumia ile nzito. Fielder hula kama lita 5 hadi 6 kwa jumla, basi nahitaji karibu lita 3 za kulanti nzito ndani yake, kisha najazia maji ya betri. Mimina polepole, ukiminyaminya mpira wa juu ili hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ujazie kadiri maji yanavyoshuka, hadi panka ya rejeta iwake na kuzima yenyewe. Funga. Chupa ya akiba iwe kati ya mistari miwili. Kesho yake asubuhi tazama tena. Kwa kawaida yatakuwa yameshuka kidogo, uyajazie.

Kifuniko chenyewe usikidharau. Maji ya wazi hapa usawa wa bahari huchemka nyuzi 100. Chini ya kifuniko kizima kilichoandikwa 1.1, yaani kipimo cha shinikizo kinachoshikilia, yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukipasuka, nyuzi hizo zote umezipoteza kwa kifaa ambacho ni katika spea rahisi kabisa. Nunua kipya chenye namba ileile, si kubwa zaidi.

Kuhusu themostati tumegombana sana na fundi wangu. "Mwalimu, joto lote hili la Mombasa, hii ya nini? Tuitoe tu." Hapana, kaka. Isipokuwapo, injini haifikii joto lake barabarani, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga petroli ya ziada, na oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Ukiishuku, itoe uitie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Nyuzi zimepigwa chapa kwenye themostati yenyewe; yangu ni 82. Ikianza kufunguka karibu na hapo, rudisha mahali pake na gasketi mpya. Isipofunguka maji yakichemka, tupa. Kuitoa na kuacha pengo ni kuficha rejeta iliyoziba, si kuitibu.

Foleni ndiyo mtihani. Makupa saa ya kutoka kazini, au kwenye mstari wa feri Likoni, gari halipati upepo, linategemea panka peke yake. Kwenye mstari wa feri zima injini. Vitz na Fielder nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, ya buluu ikiwa baridi na nyekundu ikishapita kiasi, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa nusu. Kwa hiyo zima eisi mara moja, fungua vioo, washa hita hadi mwisho ikusaidie kutoa joto (utatoka jasho, vumilia), tafuta pa kuegesha, zima. Usimwagie injini maji baridi, na usiguse kifuniko kabla ya nusu saa kupita. Ikibidi kujazia njiani, nunua maji ya chupa dukani. Yakikosekana kabisa tia hata ya kisima ufike nyumbani, kisha usafishe mfumo wote wikendi hiyohiyo. Madafu usiyafikirie, yana sukari.

Upepo wa bahari nao huleta chumvi kwa nje: vumbi lenye chumvi hujaza mapezi ya rejeta. Yapige maji matamu kwa mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa mashine ya kuoshea gari, ambayo huyapinda. Huku boneti iko wazi, ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri, fungua hasi kwanza, osha kwa magadi na maji ya uvuguvugu, kausha, funga na upake grisi.

Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni wala uani. Ni tamu, na paka na mbuzi wa mtaa huilamba ikawaua figo. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, uliandike SUMU kwa wino mkubwa, uliweke juu mbali na watoto hadi upate gereji inayopokea taka za aina hiyo. Na lile beseni lisirudi jikoni.