Jinsi ya kutoa faharasa kwenye Word iende kwenye ukurasa wa wavuti, na linki zake zifanye kazi

Wadau, kama una mwongozo umeuandika kwenye Word, iwe wa kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi au parachichi za Rungwe, na mwishoni una ile faharasa ya A mpaka Z (orodha ya maneno na namba za kurasa yanapopatikana), ukiusevu tu kama ukurasa wa wavuti ile faharasa inatoka imekufa. Utaona "chulebuni, 14, 37" (chulebuni ni ugonjwa wa kahawa) halafu ukibonyeza 14 hakuna kitu, maana wavuti haina kurasa za kuhesabu, ni karatasi moja ndefu tu, na mkulima aliyefungua kwenye simu atakokota kidole mpaka achoke. Yaliyomo ya mwanzoni huwa yanatoka na linki zake, faharasa ndo haitoki nazo. Kwa hiyo kazi tunaifanyia humo humo kwenye Word kabla ya kusevu.

Hatua ya 1, weka alama za maneno. Chagua neno, bonyeza Alt+Shift+X, kiboksi kitafunguka, neno kuu linakaa Main entry na dogo Subentry, mfano "mibuni" halafu "kupogolea". Ukibonyeza Mark All, Word inashika neno la kwanza tu kwenye kila aya, tena lililoandikwa kwa herufi zile zile, Chulebuni yenye herufi kubwa na chulebuni ni vitu viwili kwake.

Hapa naomba utulie kidogo kwa sababu ndo panapoharibu faharasa nyingi za Kiswahili. Mtu mmoja atatafuta ugonjwa kwenye U, mwingine magonjwa kwenye M, mwingine kiazi, mwingine viazi, na wote wana haki. Amua moja, mimi huwa naweka wingi kwa mazao na magonjwa, halafu lile la pili unaliwekea Cross-reference kwenye kiboksi kile kile, ile See unaifuta unaandika Tazama, inatoka "kiazi" ikifuatiwa na "Tazama viazi". Usiache hii, mtu akikosa neno lake mara mbili hafungui tena.

Hatua ya 2, nenda References, Insert Index, Columns weka 1 maana wanaosoma wako kwenye simu, OK. Sevu hilo faili kama lilivyo, ndo faili mama hilo, halafu tengeneza kopi na kuanzia hapa unafanyia kwenye kopi tu.

Hatua ya 3, kwenye kopi bofya ndani ya faharasa kisha Ctrl+Shift+F9 (laptopu nyingine lazima ushike na Fn). Hii inaigeuza iwe maandishi ya kawaida. Ukiruka hapa, siku ukibonyeza F9 kuiapdeti Word inaijenga upya na linki zote ulizoweka kwa mkono zinafutika.

Hatua ya 4 ndo yenye jasho. Nenda kwenye aya yenyewe, weka kasa (kile kijistari kinachopepesa) mwanzoni, Insert, Bookmark (alama ya mahali), andika jina mfano kupogolea_mibuni, Add. Jina lianze na herufi, lisiwe na nafasi katikati, na lisizidi herufi 40. Rudi kwenye faharasa, futa namba ya ukurasa, chagua neno, Ctrl+K, Place in This Document, chagua lile jina. Neno likitokea sehemu tatu usiandike 1, 2, 3, andika kichwa cha kila sehemu, "kwenye kitalu", "shambani", "baada ya kuvuna", kila kimoja na linki yake, msomaji ajue anaenda wapi kabla hajabonyeza. Na kama vichwa vyako vimetumia Heading (mtindo wa vichwa wa Word) vitakuwepo kwenye ile orodha tayari, huna haja ya kuviwekea Bookmark.

Hatua ya 5, Save As, chagua Web Page, Filtered, hii inaondoa vikorokoro vya Word ndani ya faili. Kabla ya kusevu ingia Tools, Web Options, Encoding, weka UTF-8, la sivyo kile kikoma cha ng'ombe kinaweza kutokea alama za ajabu. Jina la faili lisiwe na nafasi, mfano mwongozo-kahawa. Kama una picha itatokea na folda ya mwongozo-kahawa_files, vipandishe vyote viwili kwenye seva na hiyo folda usiibadilishe jina, picha zitapotea.

Ukishapandisha, fungua kwenye simu upitie linki moja moja. Na kuna faida nyingine, mwisho wa anwani ya ukurasa wako ukiongeza #kupogolea_mibuni inampeleka mtu moja kwa moja pale pale, kwa hiyo mtu akiuliza kwenye grupu la WhatsApp la wakulima jinsi ya kupogolea mibuni, unamtupia linki ya aya hiyo hiyo anasoma.