Usingoje kipimo kioneshe mimba ndipo uzime sigara

Mnaopanga kupata mtoto, acheni sigara kabla, si baada. Ni hesabu ya siku tu: mdomo wa juu wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, kaakaa, yaani paa la kinywa, kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wakati huo wengi ndio kwanza wanashangaa mbona hedhi imechelewa! Moshi wa sigara huongeza uwezekano wa sehemu hizo kutoungana, mtoto akazaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka. Nikotini hubana mishipa ya damu, na kaboni monoksidi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, hivyo hewa inayomfikia mtoto hupungua.

Tumbo limeshaonekana? Acha leo hivyo hivyo. Kuacha wakati wowote humsaidia mtoto kuongeza uzito na hupunguza hatari ya kuzaliwa njiti. Kushuka kutoka sigara kumi hadi mbili ni afadhali, ila si sawa na kuacha. Wala usihamie sigara ya kielektroniki ukidhani umesalimika. Nyingi zina nikotini ileile. Hamu ikikuzidi, mwambie mkunga au daktari bila kuona haya, kabla hujajinunulia vibandiko vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi ili kupunguza hamu ya sigara.

Akina baba, nanyi pia: kuvutia dirishani hakusaidii kitu, moshi hurudi ndani. Tokeni nje kabisa, au bora zaidi, acheni sigara pamoja na mama mtarajiwa.