Somo: Kusoma alama za lori la Burma kabla ya kushika brashi

Wakuu, habari za siku. Nimeombwa mara nyingi niandike somo hili na nimekuwa nikilikwepa, kwa sababu kila nikikumbuka modeli yangu ya kwanza ya lori naona haya. Basi leo nalitoa lote, na aibu yake.

Wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunafungua boksi, tunakuta karatasi ya stika za maji imejaa nyota na namba, tunalowesha moja moja na kubandika zote kana kwamba tunapamba gari la harusi. Lori linapendeza. Shida ni kwamba linakuwa halina mwenyewe: nyota ya mwaka huu, namba ya jeshi lile, alama ya divisheni ambayo haikuwahi kukanyaga nchi hiyo. Alama za jeshi ni anwani. Zinasema gari ni la nani, linafanya kazi gani, lina uzito gani na, ukizisoma vizuri, lilikuwa hai mwaka gani.

Mfano wetu ni Chevrolet C60L ya Kanada, tani tatu, inayovuta magurudumu yote manne. Ni ile yenye pua fupi na kioo cha mbele kilicholazwa kinyume, juu kimetokeza na chini kimeingia ndani, kisimulike jua ndege wakaliona. Mahali ni bonde la Kabaw, Burma (Myanmar ya leo), nusu ya pili ya 1944, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki inateremka kuelekea mto Chindwin. Humo walikuwamo Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Vita ya kwanza wazee wetu walibeba mizigo kichwani, na Kariakoo ikabaki na jina lao. Ya pili wengi walishika usukani, na sijui kwa nini hatuyatengenezi malori yao.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla ya rangi

Usiseme "lori la vita ya pili". Sema mwezi na mwaka. Nyota nyeupe ya majeshi ya muungano, kwa mfano, Waingereza waliipokea katikati ya 1943. Kwa hiyo lori lililoingia Mogadishu Februari 1941 au Addis Ababa Aprili 1941 haliwezi kuwa nayo, hata kama karatasi ya stika imekupa nyota kumi. Vilevile namba za tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili zilikuja 1949. Ukiziona kwenye picha, hiyo si vita, hata kama aliyeiweka mtandaoni ameandika "Burma".

Kwa mfano wetu nimeweka Novemba 1944. Kalewa ilichukuliwa tarehe 2 Desemba, na mwezi huohuo wahandisi wakatandika pale Chindwin daraja la chuma la Bailey lenye futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo kwa wakati ule. Mwezi mmoja nyuma, lori letu bado liko kwenye matope.

Hatua ya 2: Tafuta picha moja, uikalie

Picha moja iliyo wazi inashinda hamsini za kupitia juujuu. Makumbusho ya Vita ya London, Imperial War Museum, yameweka mtandaoni picha nyingi za wapiga picha wa jeshi. Zile za Asia ya Kusini Mashariki huwa na namba zinazoanza na SE, na za India huanza na IND. Tafuta kwa jina la mahali: Kabaw, Tamu, Kalewa, Chindwin. Ukiandika "truck" peke yake utaogelea hadi asubuhi.

Ukiipata, soma maelezo ya mpiga picha lakini usiyaapie. Kisha angalia kama alama imefutwa. Wakaguzi wa wakati wa vita walikuwa wakikwangua alama za vikosi kwenye picha, na ndiyo maana pengine unaona madgadi safi kabisa katika gari lililochakaa. Usafi wa namna hiyo una mkono wa mtu.

Hatua ya 3: Jua unatafuta nini na liko wapi

Kwenye lori la jeshi la Kiingereza la wakati huo ninaanza na boneti. Ubavuni utakuta namba ya gari kwa rangi nyeupe, ikitanguliwa na herufi. L ni lori la zaidi ya tani moja, Z ni gari dogo la mizigo, M ni gari la abiria, A ni ambulensi, C ni pikipiki. Lori letu ni la tani tatu, kwa hiyo ni L. Nimeona modeli nzuri sana, rangi imepigwa kwa ustadi, halafu lori la tani tatu limeandikwa Z. Ni kama kumvalisha mzee sare ya chekechea.

Kisha shuka kwenye madgadi na bampa, halafu zunguka hadi nyuma kwenye mlango wa bodi. Hapo unatafuta vitu viwili. Kwanza ni alama ya divisheni: kwa Divisheni ya 11 ni kichwa cha kifaru, namaanisha mnyama, si kile cha chuma. (Mwenzetu mmoja alinisikia vibaya akatafuta kichwa cha tangi wiki nzima.) Rangi za alama hiyo usizitoe kwenye kumbukumbu za mtu, tafuta beji halisi ya begani ulinganishe. Pili ni mraba wa rangi wenye namba nyeupe, unaoonyesha idara na kikosi. Mizinga ni nyekundu juu na bluu chini. Mawasiliano ni nyeupe juu ya bluu. Usafirishaji na ugavi ni nyekundu na kijani, mraba umekatwa kwa mshazari. Brigedi za askari wa miguu katika divisheni, kwa utaratibu wao wa kawaida, zilifuata ukubwa wa namba: ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu kahawia. Divisheni ya 11 ilikuwa na Brigedi za 21, 25 na 26, kwa hiyo hesabu hapo.

Mbele pia kuna duara la njano lenye namba nyeusi. Hiyo ni daraja la uzito, ili askari wa darajani ajue kama gari lipite au lisimame. Ukimaliza hapo inama chini ya gari: mara nyingi difu ya nyuma, lile tufe la chuma katikati ya ekseli, ilipakwa nyeupe ili dereva wa nyuma auone mwendo wa mwenzake usiku bila taa. Watu husahau difu kila siku.

Hatua ya 4: Usiamini kijivu

Hapa ndipo nilipoangukia. Lori langu la kwanza lilitoka kwenye picha ambayo mraba wake ulikuwa kijivu kimoja tu, chenye namba. Nikasema: rangi moja, basi ni askari wa miguu, brigedi ya kwanza. Nikapaka nyekundu, nikapiga vanishi, nikalipeleka kwa watu likasifiwa. Miezi kadhaa baadaye nikaikuza ile picha kwa sababu nyingine kabisa, nikaona uzi mwembamba umekatiza mraba kutoka kona hadi kona. Nyekundu na kijani. Lilikuwa gari la usafirishaji tangu mwanzo.

Fanya jaribio hili leo, halina gharama. Paka nyekundu na kijani cha wastani kwenye kadibodi, bega kwa bega. Piga picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zinazogombana machoni zinakuwa ndugu mapacha. Na kuna filamu za zamani ambazo hazikuiona nyekundu kabisa: humo nyekundu hutoka karibu nyeusi, njano hufifia kuelekea giza, na bluu hupauka. Kwa hiyo usiulize "hiki ni kijivu cha rangi gani?" Uliza kwanza kama katika picha hiyohiyo kuna kitu unachokijua rangi yake, kama lile duara la njano au bendera, upate pa kulinganishia.

Hatua ya 5: Pima kwa tairi

Huna haja ya vitabu vya vipimo. Chukua rula. Kwenye picha yangu tairi lina kimo cha milimita 60 na tarakimu za boneti milimita 5, yaani moja ya kumi na mbili. Tairi la modeli yangu ya 1:35, yaani ndogo mara 35 kuliko lori la kweli, ni milimita 30. Gawa kwa kumi na mbili, unapata milimita 2.5. Zidisha kwa 35 ujihakikishie: karibu sentimita 9, ukubwa unaoingia akilini. Sharti moja tu, pima tairi na tarakimu zilizo umbali sawa na kamera. Ukipima tairi la mbele na maandishi ya nyuma, hesabu itakudanganya.

Hatua ya 6: Usichokijua, kifunike kwa tope

Kwenye picha yangu tarakimu mbili za mwisho hazisomeki, mguu wa askari umeziba. Sikubuni. Nilipaka namba ninazoziona, kisha nikarusha tope mahali pale pale. Barabara ya Kabaw wakati wa mvua ilikuwa ujiuji, kwa hiyo tope halihitaji kujieleza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Morogoro: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, sina printa wala hela ya stika. Namba nyeupe nazitoaje?

Marahaba, mwanangu. Printa isikuumize kichwa, kwa sababu za kawaida hazichapi rangi nyeupe hata ukiwa nayo. Chora tarakimu kwenye utepe wa karatasi, kata kwa wembe mpya, tumia kama stensili, na upake kwa kipande cha sponji kilichokaribia kukauka. Rangi ikiwa majimaji itapenya chini ya stensili. Anza na mraba wa idara, huo ni rahisi. Paka kijani chote kwanza, kausha, funika nusu kwa utepe kwa mshazari, paka nyekundu.

Mwanachama, Kisumu: Kaka, babu yangu alikuwa dereva Burma. Tuna picha moja ameegemea lori, lakini imepauka na nyumbani hawataki niiguse. Nianzie wapi?

Wako sahihi kukukataza, dada. Usiifute wala kuilowesha. Omba uipige picha karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, kisha uongeze utofauti wa mwanga na giza kwenye simu. Piga na upande wa nyuma, maana huko ndiko kwenye tarehe au muhuri wa studio. Halafu acha lori kwanza, mtazame babu: herufi za begani. Zikiwa EAASC, alikuwa wa kikosi cha usafirishaji na ugavi cha Afrika Mashariki, na hapo mraba wa mshazari unaanza kuwa na maana. Ukipata jina la kikosi, kumbukumbu za kila siku za vikosi vya Asia ya Kusini Mashariki zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, kwenye mfululizo wa WO 172. Na kama kuna bibi aliye hai, mkalishe na chai kabla ya kwenda Kew.

Mwanachama, Muscat: Nina modeli ya Tamiya ya lori la Kimarekani, GMC, ya 1:35, nataka kufanya malori ya Red Ball, ile misafara ya Wamarekani ya kupeleka mahitaji ya vita Ufaransa. Alama hizi zinafaa?

Nyingi hazifai, ila nyota inafaa. Mmarekani ana utaratibu wake. Kwenye boneti tafuta U.S.A. na namba. Ya GMC ya tani mbili na nusu huanza na 4, na ikimalizikia na S maana yake gari limezuiwa lisivuruge redio. Anwani yenyewe iko kwenye bampa: jeshi au divisheni, kisha kikosi, kisha kampuni na nafasi ya gari katika msafara. Kuwa makini na tarehe, kwa sababu Red Ball ilianza 25 Agosti 1944 na kuisha 16 Novemba mwaka huohuo. Karibu robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, kwa hiyo ukiweka sanamu ndogo ndani ya kabini, angalia na rangi ya uso.

Mwanachama, Dar es Salaam: Mkuu, mbona hawakuandika tu "KAR" ubavuni tukamaliza? Halafu naona ni rahisi zaidi nipige picha malori ya jeshi ya sasa barabarani.

La kwanza: adui naye anajua kusoma. Mraba wenye namba unamwambia mwenye orodha kila kitu na asiye nayo hapati kitu. La pili, usithubutu. Magari ya jeshi ya leo hayapigwi picha bila ruhusa, na mimi sitakuja kukutoa.

Mwanachama, Tanga: Fundi, nimeikuza picha uliyosema, ile ya mshazari. Mbona mimi naona mstari umeanzia kona ya kushoto juu, na kwenye lori lako umeanzia kulia?

Nimekwenda kuiangalia tena sasa hivi. Kwenye nakala yako usukani uko kushoto, na maandishi ya kreti iliyo nyuma yanasomeka kinyume. Lori la jeshi la Mwingereza usukani ni kulia. Aliyeiweka huko mtandaoni ameigeuza picha. Igeuze irudi ilivyokuwa, kisha upime upya kila kitu, hata namba.