Janga likiingia utalii unaanguka kwa usiku mmoja: jinsi ya kujipanga kabla, wakati wa ukimya, na wageni wakianza kurudi

Wadau wenzangu, mwenye gesti, mwenye boti, mwongoza wageni, wakala wa tiketi, hii ni yenu. Watu wengine wakisikia neno janga wanawaza hospitali, sisi tunawaza simu, maana simu ndo inaanza. Mgeni wa kwanza anaomba asogeze tarehe, wa pili anataka hela yake leoleo, wa tatu hata hapigi, ikifika jioni kalenda nyeupe pee. Mimi nilikuwemo kwenye hii kazi 2020 na makosa mengi nitakayoyataja hapa niliyafanya mwenyewe, kwa hiyo usione nakufokea.

Anza kwa kuelewa mwendo wake, mana ukikosea hapo utakosea kote. Mwaka 2019 watalii waliovuka mipaka walikuwa kama bilioni 1.46 duniani kote. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ikatamka kwamba korona ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na Aprili, mwezi mmoja tu mbele, safari za kimataifa zilikuwa zimeshuka kwa karibu asilimia 97 ukilinganisha na Aprili ya mwaka wa nyuma. Mwaka mzima ukaisha na watu kama milioni 400 hivi. Sasa angalia kurudi kulivyokuwa: 2021 kidogo mno, 2022 kama theluthi mbili ya zamani, 2023 ikakaribia asilimia 90, na 2024 ndo tukafika pale tulipokuwa. Kuanguka wiki chache, kupanda miaka minne. Mtu akikuambia "vumilia miezi mitatu mambo yatakaa sawa" muulize anatumia kalenda gani.

Ila sio kila ugonjwa unakwenda hivyo, na hapa ndo wengi wanachanganya. SARS, ugonjwa wa mapafu wa 2003, iliwapiga sana Asia Mashariki lakini Julai mwaka uleule WHO ikasema imedhibitiwa na wageni wakarudi haraka. Tofauti kubwa ni mpaka. Mtu anaweza kuogopa ugonjwa na bado akasafiri, tena wapo wengi, lakini akiambiwa mpaka umefungwa au akirudi kwao anawekwa karantini, hapo hata umpe chumba bure haji. Uingereza mwaka 2021 ilikuwa na orodha nyekundu, ukitoka nchi iliyomo unalala siku 10 kwenye hoteli ya karantini kwa gharama yako. Nani ataenda likizo ya wiki moja halafu aje afungiwe siku kumi? Na Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walipotoa taarifa ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ndani ya siku mbili tatu nchi kibao zikazuia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika, wenye biashara kule wakapoteza msimu wa Desemba kwa sababu ya kusema ukweli mapema (hili bado linaniuma mpaka kesho).

Kwa hiyo habari ya kufuatilia kila asubuhi sio idadi ya wagonjwa ulipo wewe peke yake. Fuatilia masharti ya kurudi nyumbani ya nchi wanakotoka wageni wako. Andika nchi zako kubwa kwenye karatasi, mbele ya kila moja andika wanadai nini mtu akirudi, kipimo, chanjo, karantini, na uwe unasahihisha kila wiki. Hiyo karatasi itakuambia mambo kabla ya simu.

Tuje kwenye hela, na hapa nitakaa kidogo.

Malipo ya awali ya mgeni sio hela yako mpaka amelala. Najua unaelewa ila tunafanya vingine kabisa, mgeni wa Agosti anatuma nusu mwezi wa pili, sisi tunapaka rangi, tunanunua magodoro, tunalipa deni la mwaka jana. Siku ya kurudisha inapofika kwa wote kwa pamoja huna, na magodoro hayarudi dukani. Fungua akaunti tofauti ya malipo ya awali, usiiguse. Ukishindwa kabisa kutenga yote, tenga angalau nusu, ni bora kuliko kitu sifuri.

Halafu piga hesabu ya gharama zisizolala, yaani zile zinazotoka hata kama hamna mgeni hata mmoja: kodi, mlinzi, umeme wa msingi, mkopo, leseni, bima. Gawanya akiba yako kwa hiyo namba, utapata miezi unayoweza kukaa hai bila kuingiza kitu. Mimi yangu ilikuwa mwezi mmoja na siku kadhaa, nilicheka kwa uchungu. Lenga sita. Mkopo ndo unaua haraka kuliko yote, kwa hiyo ukiona dalili mbaya nenda ongea na mkopeshaji kabla hujachelewesha rejesho hata moja, mtu anayekuja mapema anasikilizwa, anayekimbia anafuatwa.

Sheria za kukansel ziandike sasa hivi wakati kuko shwari. Ziwe fupi, ziseme wazi nini kinatokea mpaka ukifungwa, nini kinatokea mgeni akiugua, na nini akibadilisha mawazo tu, mana hivyo ni vitu vitatu tofauti na watu wanavichanganya makusudi. Vocha ni nzuri kama mgeni ameikubali mwenyewe na ina muda mrefu wa kutosha. Ukimlazimisha utamkera. Mashirika ya ndege Ulaya sheria inasema ndege ikifutwa hela irudi ndani ya siku 7, mengine 2020 yakawa yanasukuma vocha tu, watu mpaka leo hawajasahau. Kusogeza tarehe ndo dawa, fanya iwe rahisi mno, ujumbe mmoja tu tarehe imebadilika, bila faini. Mgeni aliyesogeza bado ni wako, aliyerudishiwa hela baada ya ugomvi ameshaondoka.

Na usishushe bei mipaka ikiwa imefungwa! Tulifanya wengi, punguzo la nusu, punguzo la asilimia 70, unamuuzia nani? Aliyefungiwa ndani hasafiri kwa sababu ya bei. Unachopata ni kuharibu bei yako ya baadae tu.

Sasa kurudi. Wageni hawarudi wote kwa mkupuo, wanarudi kwa ngazi, na ukizijua ngazi unajua leo uongee na nani. Wa kwanza ni wa karibu, wanaokuja kwa gari lao, familia moja, wanataka sehemu ya wazi na mlango wao wenyewe. Hawa zamani wengi wetu tulikuwa tunawadharau, hatuna hata bei yao, tovuti yote imeandikwa kwa mtu wa mbali. Waandalie kifurushi cha siku mbili, uwaambie kuna jiko wanaloweza kupikia, na uwaongeleshe kwa lugha yao. Ndo watakaolipa mlinzi wako.

Wanafuata wale wanaokwenda kuona ndugu, hawa watasafiri hata kwa shida. Halafu wanaofanya kazi kwa intaneti: Barbados ilitoa viza ya miezi 12 kwa ajili yao Julai 2020 na Estonia ikafuata na yake Agosti, na hii tabia haikuisha na janga. Mtu wa hivi anauliza kasi ya intaneti kabla hajauliza kitanda, bei yake iwe ya mwezi, meza na kiti kizuri, basi umemaliza.

Baada ya hapo ndo likizo za kimataifa, na zinafunguka kwa masharti, kama Phuket, kisiwa cha Thailand, ilivyoanza na waliochanja tarehe 1 Julai 2021, siku ileile vyeti vya kidijitali vya korona vya Umoja wa Ulaya vilipoanza kazi rasmi. Wa mwisho ni makundi makubwa, mikutano na safari za kikazi. Kampuni zikishaonja mkutano wa video haziachi kirahisi, kwa hiyo kama chakula chako ni ukumbi wa mikutano tafuta chakula kingine mapema.

Na hizi ngazi hazipandwi pamoja dunia nzima. Maldives ilifungua Julai 2020, Japani ikawapokea tena watalii wa kujitegemea Oktoba 2022, China ikaondoa karantini kwa wanaoingia Januari 2023. Aliyekuwa anategemea wageni wa China peke yao alisubiri karibu miaka mitatu, jirani yake mwenye masoko matatu alishaanza kufua mashuka. Soko moja lisizidi nusu ya mapato yako, hilo ndo lengo langu, linanishinda mara nyingi lakini nalifukuzia.

Usizike hela nyingi kwenye vitu vilivyozaliwa na hofu. Qantas, shirika la ndege la Australia, Septemba 2020 waliuza tiketi za ndege inayopaa, inazunguka na kutua palepale ilipotoka, zikaisha kwa dakika kama kumi, leo nani anazitaka? Vioo vya mapokezi, mashine za kupuliza dawa milangoni, vyote viko stoo. Vilivyobaki ni vile vilivyorahisisha maisha: kulipa kwa simu, kujiandikisha bila karatasi, na kubuku dakika za mwisho, hii ya mwisho inatuumiza kwenye kupanga manunuzi ila haiondoki, izoee.

Wafanyakazi nimewaacha mpaka hapa ila ndo walionigharimu zaidi. Kiangazi cha 2022 watu walirudi kusafiri kama wamefunguliwa zizi, viwanja vya ndege Ulaya vikazidiwa kwa kukosa watu wa mizigo na ukaguzi, Heathrow, uwanja mkubwa wa London, ikaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku. Wafanyakazi walishaachishwa na wakapata kazi nyingine. Kwa sisi wadogo ni hivyohivyo, mpishi wako akishaanza kuendesha bodaboda na akaona hela ya kila siku harudi kwa sababu wewe umepata bukingi. Kama huwezi mshahara kamili kubalianeni sehemu, au zamu, au mwambie ukweli kwamba hamna kitu, na uwe unampigia hata mara moja kwa wiki mbili bila kumuomba chochote. Mimi nilinyamaza miezi minane kwa aibu ya kutokuwa na hela. Nilipopiga, wawili kati ya wanne hawakupokea, wa tatu alipokea akaniuliza, "Bosi, kumbe uko hai?"