Jua la Siku Mbili Halikaushi Mahindi

Kipupwe kinapoelekea kuisha, mwezi wa nane, huja siku chache ambazo hakuna aliyezitarajia: kusi inatulia, mawingu yanapungua, jua linawaka kana kwamba tumeshafika Desemba. Utabiri wa wiki ukisema Mombasa itakuwa kavu na joto litakaribia nyuzi 30, kijiji chetu kizima cha Mwakirunge huanika mahindi ya mwaka. Hapo hakuna kosa. Kosa hutokea siku ya tatu, mkulima anapouma punje, ikakatika ka!, akaridhika, akajaza magunia na kuyashona. Wiki sita baadaye naitwa nikatazame "ugonjwa" ulioingia ghalani. Si ugonjwa, ndugu yangu. Uliyafunga yakiwa mabichi.

Utabiri hutueleza mvua, joto na upepo. Lakini kinachoamua mahindi yakauke au yasikauke ni unyevu wa hewa, nasi tunaishi mdomoni mwa bahari. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 haiwezi kushusha unyevu wa mahindi chini ya asilimia 16 hivi, hata uyaanike mwezi mzima. Ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi asilimia 13.5. Hewa yetu hupungua maji katikati ya mchana tu, kwa hiyo saa za kukausha ni chache: anika saa nne asubuhi, anua saa tisa na nusu. Wanaotandaza saa moja kwa sababu "jua limeshatoka" nimewaambia msimu baada ya msimu kwamba umande bado uko, na mahindi yanaunywa. Wanaoacha turubai wazi mpaka adhana ya magharibi wanayarudishia jioni maji waliyoyatoa mchana. Piga hesabu mwenyewe: ni saa tano na nusu kwa siku. Siku mbili za jua zuri ni saa kumi na moja tu.

Unene wa tabaka nao ni tatizo. Nakuta mahindi yamerundikwa kiganja kizima, juu yanaunguzwa na jua na chini yamelowa. Tabaka liwe sentimita 3, yaani upana wa vidole viwili, na lisizidi 5 kamwe. Geuza kila nusu saa, si pale utakapokumbuka. Tandaza juu ya turubai. Udongo una kuvu, na kando ya lami kuna vumbi na mafuta ya magari.

Meno si kipimo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ijaze mahindi hadi theluthi moja, tia vijiko vitatu vya mezani vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika tatu, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha turubaini. Isipoganda, umeshuka chini ya 15. Na hapa ndipo hata wale wanaotumia chupa huteleza, kwa sababu 15 si 13.5. Ongeza siku mbili nyingine za jua, kwa saa zile zile, ndipo ufikirie gunia.

Najua kinachowafanya wengine waharakishe. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi 13.5 hubaki kilo 85 na kidogo, na mnunuzi analipa kwa mizani. Lakini kilo hizo karibu tano ni maji, na kwenye maji hayo ndimo huota kuvu inayotoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi ya shambani mwao wenyewe. Kupika ugali hakuiondoi. Kuosha na kupepeta hakuiondoi. Ukiwapa kuku au ng'ombe mahindi yaliyooza unawadhuru, na sumu aliyokula ng'ombe inarudi kwako ndani ya maziwa.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa kuzuia dumuzi, lakini haikaushi chochote. Ukitia mahindi mabichi umeyafungia na unyevu wao. Na usipakie yakiwa moto kutoka juani. Yaache kivulini, yamefunikwa, saa moja au mbili yapoe, la sivyo yatatoka jasho ndani ya gunia.

Yakikauka sawasawa, punje huteleza mkononi na hazinuki chochote.

Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Baada ya wiki mbili fungua gunia moja la kawaida, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukihisi joto, usingoje utabiri wa wiki ijayo: kesho saa nne, yarudishe turubaini.