Somo: Utajuaje kama doksi (antibiotiki doksisaiklini) imelinda kizuizi kati ya damu na ubongo kwa panya

Wakuu, kuta za mishipa ya ubongo zimeshikana kiasi kwamba hata albumini (protini kubwa ya damu) haipenyi, hicho ndo kizuizi chenyewe, ila kiharusi kikipiga kinatoka kimeng'enya kinaitwa MMP-9, cha familia ya MMP, kinatafuna kolajeni ya ukuta pamoja na protini zinazoshikanisha seli, basi maji na damu vinaingia, ubongo unavimba. MMP-9 inahitaji zinki na kalisiamu, na doksisaiklini inadaka madini hayo, ndo maana inajaribiwa.

Kwanza gawa panya wa kiharusi, hawa dawa, wale maji ya chumvi tu.

Pili choma Evans blue (rangi ya bluu) kwenye mshipa, ishike albumini na kuzunguka, halafu panya akiwa kwenye usingizi wa dawa pitisha maji ya chumvi moyoni mpaka yanayotoka yawe hayana rangi kabisa. Hapa wengi wana haraka, bluu iliyobaki ndani ya mishipa wanaihesabu eti imevuja. Toa ubongo, loweka kwenye formamaidi (kimiminika cha kutoa rangi), pima bluu iliyotoka kwa mashine ya mwanga, nanomita 620.

Tatu zaimografia, yaani kuona kimeng'enya kikila chakula chake ndani ya jeli, hii ndo tamu. Jeli iwe na jelatini, sampuli ya ubongo USICHEMSHE maana kimeng'enya kitakufa, pitisha umeme, osha na Triton kutoa SDS (sabuni ya kwenye jeli), laza usiku kwa nyuzi 37 kwenye maji yenye kalisiamu, asubuhi paka Coomassie (rangi ya protini). Jeli yote inakuwa bluu, kasoro mistari myeupe pale jelatini ilipoliwa: kilodaltoni 92 ni MMP-9, 72 ni MMP-2, ndugu yake. Kipande kimoja cha jeli kilaze na EDTA (kemikali inayodaka madini), mistari ikipotea ujue ni MMP kweli.

MASWALI

– Mkuu bluu imepungua kwa waliopewa doksi ila mistari iko vilevile, dawa imefeli?
Si lazima. Ukiosha jeli unaondoa na dawa, kwa hiyo kimeng'enya kilichokuwa kimezuiwa mwilini kinaamka tena. Zaimografia inaonyesha kiasi kilichopo, sio kilichokuwa kinafanya kazi.

– Kwa hiyo bibi akipata kiharusi nimpe doksi?
Hapana kaka, mkimbize hospitali apigwe picha ya CT, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida mwisho wake ni masaa 4 na nusu tangu kiharusi kianze. Doksi ya kuzuia familia hii ya vimeng'enya Marekani waliiruhusu 1998 kwa ugonjwa wa fizi, miligramu 20.

– Si tuizuie tu hata mwezi mzima?
Wee! Panya waliozuiwa MMP siku ya 7 baada ya kiharusi waliumia zaidi, maana muda huo MMP-9 inasaidia kujenga mishipa mipya.